Zamu ya Gaudensia Kwenye Ukuta wa Ghala

Vijana wa idara mliochukua funguo zangu, mmeniomba niandike kumbukumbu, na mkaongeza kwa heshima kubwa kwamba ziwe za kujenga. Za kujenga ziko kwenye majalada, kabati la kushoto, lile ambalo mlango wake haufungi. Vyeo vyangu vimo humo pia na havichukui muda kusoma. Mimi nitaandika yale ambayo jalada halina pa kuyaweka: udongo, ngazi mbovu, na watu waliokataa kukaa pale tulipowakalisha. Anayetaka fundisho atachagua mwenyewe, maana nimestaafu na sina tena mamlaka ya kumlazimisha mtu.

Nilianza kazi Sumbawanga mkoa wa Rukwa ukiwa ndio kwanza umezaliwa. Ofisi zote zilinuka rangi mpya, na kwa kuwa rangi ilikuja ya aina moja, milango yote ilikuwa ya kijani. Mimi ni mtoto wa Mpui, baridi ya Ufipa nimezaliwa nayo. Mkubwa wangu wa kazi, Bwana Mussa, alitoka Tanga, na baridi ile aliihesabu kuwa ni dharau aliyofanyiwa yeye binafsi. Siku ya kwanza nilimkuta mezani amevaa makoti mawili na kofia ya sufu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kutoa mikono mifukoni.

"Binti, unajua kuchora?"

"Najua."

"Kuimba?"

"Kidogo."

"Kukaa na watu wanaokukera bila kununa?"

Nikaitazama kofia yake ya sufu. Akatikisa kichwa akasema hilo ndilo nitakalolifanya zaidi, hayo mengine tunao vijana.

Vijana wenyewe walikuwa kikundi cha sanaa cha kujitolea. Mgeni wa serikali akija, wanacheza ngoma; asipokuwepo mgeni, tunawapeleka kwenye vijiji vipya kupamba kuta za maghala na madarasa kwa picha za kilimo na umoja. Wote walikuwa na meno mazuri na magoti imara. Kiongozi wa wachoraji aliitwa Kanuti, kijana wa Mazwi, pale pale mjini, nywele zake zilitangulia kuingia mlangoni kabla yake, na suruali yake ya bugaluu ilifagia vumbi la mji mzima. Kanuti alikuwa fundi kweli, sitamdhulumu. Shida yake ilikuwa moja tu: kila mkulima aliyemchora alivaa bugaluu. Nilimuuliza mtu atalimaje na suruali ile, akaniambia, "Dada, sanaa inatangulia maendeleo."

Bwana Mussa alikuwa na desturi moja iliyotuchosha. Tukifika kijijini, kopo la rangi halifunguliwi kwanza. Anazunguka nyumba kwa nyumba, makoti yake mawili mwilini, akiuliza: kesho tukianza kazi, nani hatakuja? Mimi niliona ni uzee unaanza. Watu wanaokuja tunao tele, ya nini kuwatafuta wasiokuja? Yeye alisema wanaokuja hawahitaji afisa utamaduni, ngoma yenyewe inatosha kuwaita.

Sasa niwape kisa ambacho kilinifanya niichukue desturi ile na kuwachosha ninyi nayo miaka yote.

Palikuwa na kijiji kimoja, njia ya kwenda Msanzi. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu watu wake bado wapo na hawasahau kitu. Walikuwa wamejenga ghala jipya la mazao, na kiongozi mmoja wa mkoa angekuja kulifungua. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Oswaldi, alitaka picha kubwa kwenye ukuta wa mbele. Ndugu Oswaldi alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kufika kijiji cha jirani bila baiskeli. Alitueleza anachotaka: mahindi, ulezi, ng'ombe wa kulimia, yeye mwenyewe na jembe begani, na trekta.

"Trekta mnalo?" nikauliza.

"Litakuja," akasema. "Likija likute picha yake."

Rangi tulitafuta mji mzima. Bwana Salehe, mwenye duka pale Mazwi, ambaye lori lake ndilo lililotubeba, alikuwa na makopo ya kijani tu, masalio ya ile milango ya ofisi. Alituuzia huku akitufariji kwamba kijani ni rangi ya nchi nzima. Kwa hiyo tulikwenda na kijani, chokaa, na burashi za mkia wa ng'ombe tulizofunga wenyewe. Rangi nyingine tulijua tutazipata ardhini, kwa sababu akina mama wa Ufipa wanasiriba nyumba zao kwa udongo mwekundu, mweupe na wa kijivu tangu kabla ya idara yetu.

Bwana Mussa akaanza mzunguko wake. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, akaona moshi nyuma ya nyumba moja ya pembeni, akaufuata mbio kama mtu aliyeitwa. Nilipomfikia nilimkuta amechuchumaa mbele ya moto wa kuchomea vyungu, ametoa mikono mifukoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Upande wa pili alikuwa Gaudensia.

Gaudensia alikuwa mfinyanzi, mwanamke wa makamo aliyeishi kwa kaka yake. Miguu yake ilikufa utotoni kwa ugonjwa. Alitembea kwa mikono, akijikokota, magoti ameyafunga vipande vya mpira wa gari. Ninyi mnaijua salamu yetu ya heshima, ile ya kuchuchumaa na kupiga makofi polepole. Nikachuchumaa kumsalimu. Akanitazama akacheka: "Inuka, dada, utachoka bure. Mimi nimeshachuchumaa tangu mwaka wa njaa."

Bwana Mussa akamuuliza swali lake: kesho utakuja kwenye kazi ya ukuta?

"Sitakuja," akasema. "Nimesamehewa."

Hapo ndipo nilipouelewa utaratibu wa kijiji kile. Kila mtu mzima alikuwa na zamu ya kazi ya kijiji, na aliyekosa bila sababu alifokewa na Ndugu Oswaldi mbele ya watu wote. Wazee sana, wagonjwa, na Gaudensia walisamehewa. Ulikuwa wema wa dhati, hakuna aliyewaza vibaya. Lakini mambo ya kijiji hayakuamuliwa mkutanoni. Yaliamuliwa kazini, watu wakipumzika, kata ya togwa ikizunguka, mikono ina udongo. Mkutano ukija ni wa kupiga makofi tu. Kwa hiyo aliyesamehewa kazi alikuwa amesamehewa pia kusikia, kubisha, na kuulizwa.

"Na sasa wanazungumza habari ya kisima," Gaudensia akasema, akigeuza chungu kwa kijiti. "Serikali inaleta pampu moja. Wanataka iwe kule juu, karibu na ofisi, ionekane. Kule juu mimi sifiki. Ikiwekwa hapa kwenye tambarare, nitateka maji mwenyewe. Sasa hivi nanywa wakati watoto wa kaka yangu wanapokumbuka."

"Umewaambia?"

"Niwaambie wapi? Mkutanoni? Mkutanoni mambo yameshaiva. Mimi nataka zamu, mzee. Nipeni zamu kwenye huo ukuta wenu."

Bwana Mussa alimwahidi zamu pale pale, motoni. Nilipomuuliza njiani kama tuna mamlaka ya kumpa, alisema hatuna, ndiyo maana ameahidi haraka.

Ndugu Oswaldi aliposikia, hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alifurahi, akaguswa, akasema kijiji chake hakimtupi mtu. Kesho yake tulipofika ghalani tulikuta kiti cha ofisi kimetandikwa kanga mpya, kimewekwa pembeni chini ya upenu ili matope yasikifikie. Wanaume wawili wakamnyanyua Gaudensia, wakamkalisha juu, na Ndugu Oswaldi akatangaza kwamba tangu leo yeye ndiye Mlezi wa Picha. Watu wakapiga makofi. Togwa ilipokuja akapelekewa wa kwanza, kata safi. Kisha kila mtu akarudi kwenye kazi na mazungumzo yake, na mlezi wetu akabaki juu ya kiti, na kushuka hawezi.

Nilipita karibu nikamwona anauma midomo.

"Dada Sabina," akaniita kwa sauti ya chini, "hawa wamenitundika."

Kabla sijajibu, akajisukuma. Alianguka chini kwa kishindo, mama mmoja akapiga ukelele, kiti kikalala chali na kanga yake. Watu wakakimbilia kumwinua. Akawapiga mikono wote, akajikokota hadi kwenye shimo la udongo, akaingiza mikono mpaka viwiko.

"Gaudensia!" Ndugu Oswaldi akasema, amechanganyikiwa kabisa. "Wewe si umesamehewa?"

"Nani aliomba?" akajibu.

Nilimtazama Bwana Mussa anisaidie, naye alikuwa anatazama mawingu.

Sasa ikaja shida ya fundi. Kanuti alikuwa ameshachora mistari yake kwa mkaa, na kila kitu kilikuwa juu: watu warefu, trekta kubwa, jua. Chini, kutoka kiunoni mpaka ardhini, alikuwa ameacha wazi.

"Hapo pana nini?" Gaudensia akamuuliza.

"Hapo nyasi tu, mama. Nitapaka kijani."

"Nyasi hizo nipe mimi."

Kanuti akanitazama. Nikamwambia ampe. Alitoa nyasi zake kwa uchungu, kama mtu anayeuza mbuzi wa mwisho, akapanda kwenye jukwaa la miti kuendelea na mambo makubwa.

Gaudensia hakupaka kitu. Alichukua udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi, akaubandika ukutani na kuufinyanga kwa kidole gumba mpaka ng'ombe akatokea, mbavu, pembe na yote. Kisha chungu. Kisha jembe. Akina mama waliokuwa wanachota maji ya kukandia wakasimama kutazama, halafu mmoja akaketi naye, akasema ng'ombe wake anataka ndama. Mwingine akaketi. Kufika mchana, wazee waliosamehewa miaka mingi walikuwa wamejileta wenyewe, kwa sababu kazi ya kukaa chini hata wao waliiweza. Mzee Deogratias, aliyekuwa haoni tangu siku nyingi, aliketishwa mwisho wa ukuta akapewa kazi ya kulainisha, na alilainisha kila kitu, pamoja na pembe za ng'ombe ambazo hazikutakiwa kulainishwa.

Na togwa, mkumbuke, inanywewa na waliokaa. Kata ikahamia chini ya ukuta, na mazungumzo yakaifuata.

Siku ya pili Kanuti alifika kwenye sura ya Mwenyekiti. Akamwomba apande jukwaani amtazame vizuri. Ndugu Oswaldi akapanda na jembe lake, akainua kidevu, akatazama mbali, kule ambako trekta lingetokea. Kanuti akamkataza kutikisika. Na huku chini, mama mmoja akauliza hivi ile pampu itawekwa wapi.

Gaudensia hakupandisha sauti. Alisema huku anafinyanga: juu ni pazuri kwa wageni, lakini nani kati yenu anateka maji akiwa mgeni? Wajawazito wapande? Mzee Deogratias apande? Mama aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema yeye mlima ule umemchosha hata bila ndoo. Mwingine akabisha, akasema tambarare hujaa matope wakati wa masika. Gaudensia akamjibu kwamba matope tunayashika hapa tangu jana na hakuna aliyekufa. Wakabishana kweli, kata ikizunguka, na safari hii ikimfikia kama inavyowafikia wengine, ina alama za vidole vya udongo.

"Mnasema nini huko chini?" ikaja sauti kutoka jukwaani. Kidevu hakikushuka.

"Usitikisike, Ndugu Mwenyekiti," Kanuti akasihi. "Nitakukosea pua."

"Nauliza wanasema nini! Nimesikia pampu!"

"Pua, Ndugu Mwenyekiti!"

Mtu mzima yule aliteseka. Alikuwa amezoea kuwa katikati ya kila neno la kijiji, na sasa maneno yalikuwa yanapita miguuni mwake, sauti ndogo ndogo na vicheko. Aliuliza mara nyingine, akajibiwa kwa adabu kwamba ni mazungumzo tu, Ndugu Mwenyekiti, wewe chorwa. Alivumilia kwa sababu alikuwa anaipenda ile picha. Aliposhuka hatimaye, amekakamaa shingo, walikuwa wameshamaliza: pampu tambarare, na changarawe ya kuzuia matope itabebwa na kila nyumba.

Akasimama mbele yao na jembe begani. Neno lake moja lingeweza kurudisha kisima mlimani, na uso wa Gaudensia ulikuwa umekauka kuliko udongo wa jana. Ndugu Oswaldi akautazama ukuta wa chini kwa muda. Akaona ng'ombe, ndama, vyungu, wanawake wanaotwanga, mzee na fimbo. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Mimi nipo wapi huku?"

"Wewe uko juu," Gaudensia akamwambia. "Na trekta."

"Huku chini mnakaa wengi," akasema. Akaweka jembe chini, akakunja suruali, akaketi. "Haya, nisomeeni habari ya pampu tangu mwanzo."

Walimweleza. Alibisha kidogo, kulinda heshima, akataka changarawe iwe nyingi zaidi, akakubaliwa. Kisha akaomba, kama hakuna ubaya, afinyangwe na yeye. Gaudensia akamfinyanga pale pale. Mzee Deogratias akaitwa kukagua, akapitisha vidole usoni, akashuka mpaka kiunoni, akatoa hukumu: "Pua ni yake. Tumbo mmemhurumia." Kicheko cha siku ile nakisikia mpaka leo, na aliyecheka sana ni Ndugu Oswaldi.

Siku ya ufunguzi mgeni alikuja na msafara wake. Alitazama juu, akasifu trekta, akauliza liko wapi, akaambiwa linakuja. Halafu akaona ya chini. Ili aone vizuri ikabidi achuchumae, na mkubwa akichuchumaa, wadogo hawawezi kusimama. Msafara mzima ukachuchumaa mbele ya ng'ombe wa Gaudensia, na akina mama, kwa kudhani wanasalimiwa, wakaitikia kwa makofi. Bwana Mussa alijifunika uso kwa kofia yake ya sufu, mabega yakimtikisika. Nilijua kwamba hiyo si baridi.

Baada ya hapo tulibadili kazi yetu yote. Kila ukuta tuliopamba ulianzia chini, na Kanuti akajifunza kukaa, ingawa bugaluu zilimpa tabu. Mtaona kuta hizo zikiwa zimebaki popote: juu rangi imefifia, chini udongo umeshika. Sitajisifu zaidi ya hapo.

Pampu iliwekwa tambarare. Nilirudi kijijini kwao baada ya masika, nikamkuta Gaudensia anateka maji mwenyewe, ndoo ameifunga kwenye kibao chenye magurudumu alichotengenezewa na kaka yake. Alikuwa na maneno mengi siku hiyo, akazungumza na kila aliyekuja kuteka, mpaka tukasahau muda. Rimu la gari lililotundikwa ofisini kuitia watu kazini lilikuwa limegongwa zamani. Ilikuwa zamu yake ya kusiriba darasa jipya.

Tulipofika, watu wote walikuwa kazini. Ndugu Oswaldi alitusubiri katikati ya kiwanja, mikono kiunoni.

"Gaudensia!" Ile sauti ya zamani ilikuwa imerudi yote. "Wenzako wameanza tangu asubuhi, wewe unakuja saa hizi? Uko kisimani unapiga soga, kazi ifanywe na nani? Huna aibu?"

Kiwanja kizima kikaacha kukanda. Nikafungua mdomo nimtetee, nieleze kwamba kosa ni langu. Gaudensia akanishika pindo la gauni, akavuta, nikafunga mdomo.

"Nimechelewa, Ndugu Mwenyekiti," akasema, kichwa chini.

"Nenda kwenye udongo. Na kesho ukichelewa nitakuongezea zamu."

Tulikwenda kwenye udongo. Nilikaa naye nikaanza kukanda, nikitafuta neno la kumtuliza, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Nilipomtazama vizuri nikaona anatabasamu. Akajifuta kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imechafuka, akaniinamia sikioni.

"Dada Sabina, umesikia? Umri wangu wote huu, leo ndiyo mara ya kwanza kufokewa."